Vikombe Saba vya Spiriti, Vitatu vya Maji

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimelisema hilo mbele ya matajiri na mbele ya askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, na sijapata wa kunibishia. Niliacha shule darasa la tano. Nikaosha chupa kuukuu pale Shauri Moyo mpaka ngozi ya vidole ikawa inabambuka, nikauza chupa, kisha nikauza kilichomo ndani ya chupa: sabuni ya maji, dawa ya choo, spiriti. Leo nina godauni kando ya barabara ya Kangundo, pikapu mbili, na wasichana wanne wenye diploma wananiandikia barua za Kiingereza. Nimeunguliwa na mali yote sokoni, nikasimama tena. Mtu aliyepita huko hujiambia ameona yote. Nami nilijiambia hivyo, na kumbe niliishi miaka kumi na minane ukuta kwa ukuta na mwanamke mmoja wa Jericho bila kumwona.

Tulimwita Sista. Hakuwa mtawa. Alikuwa nesi wa zahanati ya kanjo mpaka alipostaafu, na kwetu nesi mwanamke ni Sista hata akiwa na wajukuu. Jina lake halisi ninalijua, ila sitaliandika. Nilishamtangaza mara moja, inatosha.

Kabla hujamwona Sista ulimnusa. Alinukia spiriti, ile harufu kali ya baridi inayopanda puani kama hewa ya asubuhi ya mwezi wa saba. Ilikuwa kwenye kitambaa chake cha kichwa, kwenye mapazia, hata kwenye chapati zake, Mungu anisamehe. Walevi wa mtaa walisema mama yule anapiga kichwani akiwa peke yake. Ukweli ni kwamba hakuonja hata bia ya harusi. "Nje nimejisafisha kwa spiriti miaka arobaini," alikuwa akisema, "ndani namwachia Mungu na chai." Na chai yenyewe! Vijiko vitano vya sukari kwenye kikombe kimoja, nesi mzima, aliyekuwa akiwafokea wengine kuhusu sukari.

Mara ya kwanza kuingia kwake nilikuwa nimejikata kiganja kwa chupa. Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, nimehamia Jericho na godoro moja, damu inachuruzika mpaka kiwiko. Nikaiona chupa yake mezani nikamwambia, "Mwaga hiyo hapa ndani, Sista. Mimi siogopi."

"Nani amekuuliza kama unaogopa?"

Akaniosha kwa maji na sabuni, maji mengi, mpaka nikachoka. Kisha akachovya pamba kwenye spiriti akapangusa pembeni tu, kuzunguka jeraha, kama mtu anayepiga rangi fremu ya dirisha. "Spiriti ni ya ngozi nzima," akasema. "Nyama mbichi ukiimwagia unaichoma, inachelewa kupona."

Niliona kama amenipunja. Nilitaka niumie ndipo nijue kazi imefanyika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na kwa kiasi kikubwa ndivyo nilivyo: nikinunua pilipili nataka ya kutoa machozi, nikiajiri fundi nataka mwenye nyundo kubwa. Akanifunga kiganja akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia kwa sasa naosha chupa, lakini nitakuwa na kampuni. Hakucheka. Alisema, "Sawa, Tajiri." Tangu siku hiyo akaniita Tajiri, hata miaka ile nilipokuwa nakopa unga dukani.

Chupa zake zilikaa kwenye rafu mbili. Juu kabisa, mbali na mikono ya watoto na mbali na jiko, zilikaa chupa zilizofungwa uzi mwekundu shingoni: spiriti kali ya viwandani, kama ilivyotoka kwenye pipa. Hiyo ndiyo mafundi wa simu walikuja kumwomba ya kuoshea sakiti zilizoingia maji, na kijana wa kiwanda cha uchapaji aliwahi kumwonyesha jinsi wao wanavyopangusia wino kwenye mitambo. Rafu ya chini zilikaa chupa za uzi wa bluu. Hizo ndizo zilikuwa za watu: za kupangusa mkono kabla ya sindano, kipimajoto, mashine za vinyozi, vitana vya saluni, masikio ya wasichana wanaotobolewa. Hakuandika karatasi yoyote juu yake. Alisema mtu mwenye haraka hasomi, lakini rangi ataiona tu.

Alikuwa na spiriti kwa kila jambo, na kwa kila jambo alikuwa na sheria. Siku moja nilikuwa naenda kuonana na mwenye kiwanda, shati jeupe la kuazima, na kalamu ikavuja mfukoni. Nikaanza kusugua kwa mate. Akaninyang'anya shati nikabaki kifua wazi mbele ya wake za watu. Akaweka kitambaa chini ya doa, akachovya pamba, akawa anagonga polepole. "Usisugue. Ukisugua unalipeleka doa matembezi. Gonga, lihamie kwenye kitambaa." Wino ukahama wote. Nilipata ile kazi, na shati lilinukia hospitali siku nzima.

Seremala wa nyumba ya pili alisikia kwamba Sista huua kunguni kwa kupaka spiriti kwenye maungio ya kitanda. Akajifanyia mwenyewe, jiko la mkaa likiwa linawaka palepale chumbani. Godoro likashika moto. Sista alifika na blanketi lililoloweshwa kabla sisi wanaume hatujamaliza kupiga kelele. Moto ulipozimika akamtazama seremala, nyusi zimeungua, akasema, "Mimi hutoa jiko nje kwanza, baba. Spiriti haijui kunguni ni nani na wewe ni nani." Halafu akaketi sakafuni akacheka mpaka machozi, na seremala naye akacheka, maana angefanya nini?

Hasira zake niliziona mara moja. Mama mmoja kijana alikuwa na mtoto anayechemka homa, akaanza kumsugua mwili mzima kwa spiriti apoe. Sista alimpokonya chupa kwa nguvu hata kidole cha yule mama kikateguka. "Mtoto si kioo cha dirisha! Inaingia mwilini hii, inapanda kichwani!" Akamvua mtoto nguo, akampangusa kwa maji ya uvuguvugu, akawapeleka hospitali yeye mwenyewe kwa miguu. Kidole akakifunga baadaye, bila kuomba radhi.

Huyu mwanamke ambaye simjui kwa uongo alisema uongo mmoja kila siku ya maisha yake: "Haitauma." Mtu anaona sindano, anaanza kutetemeka. Sista anapangusa mkono, anangoja pakauke, anasema, "Geukia ukutani, hesabu tatu. Haitauma." Ilikuwa inauma sana. Na yeye mwenyewe, siku alipotakiwa kudungwa chanjo, alianguka chini kama gunia kabla sindano haijamgusa. Alipozinduka alitukataza kusema. Nimeivunja ahadi hiyo leo, lakini hiyo ni ndogo katika nilizovunja.

Sasa nifike pale ninapopazunguka.

Nilikuwa nimepanda ngazi. Nilipata pipa langu la kwanza zima la spiriti ya viwandani, kali, tisini na tisa kwa mia, nikafungua kibanda mkabala na mlango wa Sista. Nikanunua vizibo vyeupe vya chupa ili watu wajue mali yangu. Sista alikuwa mteja wangu wa kwanza, alinunua mtungi mzima. Lakini vinyozi na wasusi wa Jericho hawakuja kwangu. Walivuka kibanda changu wakaenda kwake kuchukua uzi wa bluu, kwa hela kidogo ya pamba na chupa.

Jumamosi moja asubuhi mlango wake ulikuwa wazi. Nikamwona ameinama juu ya karai, mtungi niliomuuzia kando yake, na sufuria ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Anapima kwa kikombe cha bati. Spiriti vikombe saba. Kisha maji, vikombe vitatu.

"Sista, unafanya nini?"

"Natengeneza dawa."

"Unatia maji."

"Ndiyo. Maji ni sehemu ya dawa, Tajiri."

"Kwani mimi nimekuuzia kitu kibaya?"

"Umeniuzia kitu kizuri, ila ni kikali mno. Kinakauka kabla hakijafanya kazi. Umewahi kuchoma nyama kwa moto wa kishindo? Nje mkaa, ndani damu. Kijidudu ni hivyohivyo. Kali tupu inamchoma koti, anajifungia ndani anangoja ipite. Ukitia maji, inaingia polepole inammaliza."

Nikacheka. "Hata wauza maziwa wana maelezo yao."

Alikuwa anahesabu vikombe na hakutaka kupotea.

Ningeweza kwenda kuuliza. Zahanati ilikuwa hatua mia mbili. Lakini mimi sikutaka kuuliza, nilitaka wateja. Na mtu wa Eastlands, upande wetu wa jiji, ukimwambia neno "maji" kuhusu maziwa, petroli au pombe, amekwisha kuhukumu kabla hujafika mwisho. Nilijua hilo. Nikanunua spika ya mkono, ile unayorekodi sauti yako ikajirudia yenyewe kutwa, wanayotumia wauza viatu wa soko la Gikomba. Nikaiweka barazani, mdomo wake ukitazama mlango wa Sista:

"Spiriti safi, spiriti kali, haina maji! Usinunue maji ya Sista! Usinunue maji ya Sista!"

Jumatatu hadi Jumamosi. Siku ya pili watoto walikuwa wanaiimba wakiruka kamba. Siku ya tatu alivuka barabara na kikapu chake, akasimama mbele ya spika akaisikiliza raundi nzima, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akasema, "Tajiri, punguza kidogo. Nyumba ya tatu kuna mtoto hajalala."

Niliongeza.

Vinyozi walihama kwake mmoja mmoja, wakaja kwangu. Baada ya wiki chache watoto waliokuwa wananyolewa kwa kinyozi wa kona wakatoka mapunye, vichwa vimejaa viraka kama ramani. Mama zao wakamjia juu. Nilikuwa nimesimama pale. Kinyozi akajitetea, "Lazima ni yale maji ya Sista, yalikuwa yamebaki kwa chupa." Akanigeukia. "Si ndiyo, mzee?"

Chupa ilikuwa mbele yangu kwenye meza ya kioo. Kizibo cheupe. Haina uzi.

Nikasema, "Inawezekana."

Neno moja tu. Kuhusu dawa nilikuwa mjinga, na ujinga nimeusamehe. Kuhusu kizibo kile sikuwa mjinga.

Mama wa kanisa wakaja wawili kuchukua sanduku la huduma ya kwanza alilokuwa akitunza tangu hatujahamia. Waliongea kwa adabu sana. Sista aliwaambia wangoje. Akaketi akalipangusa sanduku lote kwa spiriti, juu, chini, na kwenye bawaba, ndipo akawakabidhi. Mwezi haukwisha mwanawe alikuja na pikapu ya kukodi akamhamishia kwake, Komarock. Sikutoka kuaga. Nilijifanya nahesabu vizibo.

Nilitajirika. Korona ilipoingia nchi nzima ilikuwa inatafuta spiriti, na mimi nilikuwa nayo. Hospitali moja ya binafsi ikaniita nilete sampuli. Nikaenda na suti. Msichana wa maabara, koti jeupe, umri wa kitinda mimba wangu, akapima akaisukuma chupa kwangu.

"Mzee, hii ni ya kusafishia mashine. Sisi tunataka sabini kwa mia."

"Dada, mimi siuzi maji."

Ofisi nzima ikacheka, kicheko cha upole, cha kumhurumia mzee. Msichana akanieleza taratibu: kali tupu inakauka haraka, inagandisha kijidudu kwa nje tu. "Maji ni sehemu ya dawa, mzee wangu."

Nilimwomba aseme tena. Alifikiri sisikii vizuri.

Nilirudi godauni nikawaambia vijana, saba kwa tatu, maji yachemshwe kwanza. Nikaipata ile kazi. Nimejenga nyumba kwa vikombe vya Sista. Na kila siku ya Mungu, nikienda na nikirudi, nilikuwa nalipita geti la mwanawe, la rangi ya kijivu, mimi nikiwa ndani ya gari nimefunga kioo. Miaka. Nilijiambia ameshasahau. Nilijiambia pengine ameshakufa, na nikaona aibu kwa jinsi wazo hilo lilivyonipa nafuu.

Mwaka huu mwanawe aliingia godauni kununua sabuni. Mtu mpole. Akaniambia, "Mama huwa anakuulizia. Anasema, Tajiri bado anauza ile kali?"

Nikaenda siku iliyofuata, mchana. Nilibeba unga, mafuta, sukari nyingi, na bahasha yenye shilingi elfu themanini. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, amekonda, macho yameingia ukungu, anapangusa miwani kwa pamba. Chupa ilikuwa pembeni, uzi wa bluu shingoni.

"Nani?"

"Ni mimi, Sista. Wa Jericho."

"Aa. Tajiri." Alivuta hewa puani. "Umeacha kunukia chupa."

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi. Nilisema moja kwa moja, nisije nikajipamba. Nilimwambia kuhusu msichana wa maabara. Nilimwambia kuhusu mapunye na kizibo cheupe na neno nililosema. Nikaweka bahasha kwenye mapaja yake. Aliipapasa unene, akanirudishia.

"Hii ni ya nini?"

"Ya... ya yote, Sista."

"Mimi hapa nakula, nalala. Mwanangu ananitunza." Alivaa miwani akanitazama, au akatazama nilipokuwa. "Ile spika bado unayo?"

"Iko stoo."

"Ulinitangaza siku ngapi?"

"Sita."

"Hapa Komarock hakuna aliyesikia. Kwa nini unakuja kuniambia mimi? Mimi nilikuwa najua. Waliosikia wako Jericho."

Nilitazama sakafu. Mimi, mwenye godauni, nisimame barazani kama muuza viatu? Wale vinyozi ni wateja wangu mpaka leo. Nikamuuliza, na sauti ilikuwa ya yule kijana wa kiganja, "Na wakinicheka, Sista?"

Alinyoosha mkono akanishika hapa juu, mahali pa sindano, akapabonyeza kwa kidole gumba.

"Geukia ukutani, hesabu tatu. Haitauma."

Nilinunua betri kubwa sita katika duka la Jericho lililo jirani na kibanda changu cha zamani. Muuzaji akazitia mwenyewe kwenye ile spika, akabonyeza swichi kujaribu. Sikuwa nimefikiria kwamba spika inakumbuka. Sauti yangu ikatoka, changa, imeshiba: "Usinunue maji ya Sista!" Wanawake wawili kwenye foleni wakageuka. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa wale waliobeba sanduku.

Nikarekodi juu yake palepale, mbele yao, nisipate nafasi ya kufikiria. "Sista hakuwahi kuuza maji. Maji ni sehemu ya dawa. Chupa ya mapunye ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyesema uongo." Nikaiweka barazani pa kile kibanda cha zamani, Jumatatu asubuhi, nikaketi kando yake kwenye kreti ya soda.

Iliuma. Vijana walipita wakicheka, "Niaje buda, umeokoka?" Yule kinyozi wa kona, sasa ana mvi, alitoka na mashine ikiwa inanguruma mkononi, mteja amebaki na nusu kichwa. Alisikiliza raundi mbili. "Mzee, mimi nilimwambia kila mtu ni yeye," alisema. "Kila mtu. Ukiwa umesimama hapo." Akarudi ndani. Hajanunua kwangu tena, wala wenzake wawili.

Alhamisi mchana gari la mwanawe lilisimama ng'ambo, mbele ya mlango uliokuwa wa Sista. Kioo cha nyuma kikashuka. Yule mama wa sanduku alitoka dukani, akaenda akainama dirishani, na sijui walisema nini, lakini alikaa muda mrefu ameshika mkono ulio ndani. Mimi nilibaki kwenye kreti yangu. Nilikuwa sijaitwa. Spika kufikia hapo ilikuwa inakoroma, maneno yanamezwa, "Sista haku... maji..."

Kisha mkono ukanipungia. Nikavuka. Harufu ilinifikia kabla sijafika mlangoni.

"Betri zimechoka, Tajiri," alisema. "Badilisha. Umebakisha siku mbili."

Nikabadilisha. Bahasha ya elfu themanini bado iko kwenye droo. Kilichonigharimu mwishowe ni betri kubwa kumi na mbili, kila moja shilingi tisini: shilingi elfu moja na themanini.